Madini ya Chuma katika Chakula cha Mtoto Mdogo: Bakuli la Uji wa Uwanda wa Kati

Katika kliniki za mama na mtoto zinazozunguka Chimwaga, iwe Ng'ong'ona, Iyumbu au vijiji vya mbali zaidi vya wilaya za Chamwino na Bahi, mtoa huduma hukutana mara kwa mara na mtoto wa namna moja. Umri wake ni mwaka mmoja na miezi michache. Mstari wa uzito katika kadi yake haujashuka kiasi cha kutisha. Mama anaeleza kwamba mtoto hana homa, uji anakunywa, maziwa anakunywa zaidi, ila siku hizi amekuwa mtu wa kubebwa tu. Hachezi na wenzake, analialia bila sababu, na mara mbili amekutwa akibandua udongo wa ukutani na kuula. Muuguzi anapovikunjua viganja vya mtoto na kuviweka kando ya vyake mwenyewe, anaona vimepauka.

Mtoto huyu anashiba kila siku, lakini damu yake ina upungufu, na katika umri wake chanzo kimoja kikubwa cha upungufu huo ni ukosefu wa madini ya chuma. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili huwapata watoto wengi katika kipindi kilekile cha maisha, ni nini katika vyakula vyetu vya Dodoma kinachosaidia au kuzuia, na lini chakula peke yake hakitoshi.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulipima damu za watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59, ukakuta kwamba asilimia 58 kati yao walikuwa na upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango chochote kinachofika asilimia 40 kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii.

Ni lazima tuseme mapema kwamba upungufu wa damu na upungufu wa chuma si jambo moja. Damu hupungua pia kwa sababu ya malaria, minyoo ya safura, kichocho, selimundu, maambukizi ya muda mrefu na ukosefu wa vitamini nyingine. Vilevile, mtoto anaweza kupungukiwa na chuma miezi kadhaa kabla wekundu wa damu yake haujashuka. Akiba ya mwili huisha kwanza, na damu huonyesha dalili mwishoni. Ndiyo maana kusubiri viganja vipauke ni kuchelewa.

Kuchelewa huko kuna gharama. Chuma hutumika kutengeneza himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni, lakini hutumika pia katika ubongo unaokua. Miaka miwili ya mwanzo ni wakati ambapo ubongo hujijenga kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote baada ya kuzaliwa. Watoto waliokosa chuma katika kipindi hicho wameonekana, katika tafiti za nchi mbalimbali, kubaki nyuma katika kujifunza na katika utulivu wa akili hata baada ya damu yao kurejea hali ya kawaida. Damu hurejeshwa kwa miezi mitatu ya dawa. Muda wa ukuaji wa ubongo uliopotea haurejeshwi kwa urahisi.

Kwa nini hasa baada ya miezi sita

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na kwa uzito wa kutosha huja duniani na akiba ya chuma aliyoipata kwa mama yake, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mkunga anayesubiri angalau dakika 1 hadi 3 kabla ya kufunga na kukata kitovu humwongezea mtoto damu kutoka kwenye kondo la nyuma, na chuma kilichomo katika damu hiyo huendelea kumsaidia kwa miezi kadhaa. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, ijapokuwa kile kilichomo hufyonzwa vizuri. Akiba na maziwa hayo kwa pamoja humtosha mtoto hadi karibu na mwezi wa sita.

Baada ya hapo hesabu hubadilika. Mtoto anakua haraka, damu yake inaongezeka, na akiba imekwisha. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 huhitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, ilhali mwanamume mtu mzima huhitaji miligramu 8. Mtu mzima huyo hula sahani nzima ya ugali. Mtoto hula nusu kikombe. Kwa hiyo kila kijiko kinachoingia kinywani mwa mtoto kinapaswa kubeba chuma kingi zaidi kuliko kijiko cha baba yake.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito pungufu huishiwa na akiba mapema zaidi, wakati mwingine tangu mwezi wa pili. Huyu asisubiri chakula cha nyongeza. Anahitaji matone ya chuma kwa maelekezo ya mtaalamu, na historia yake ya kuzaliwa inapaswa kuangaliwa katika kadi kila anapofika kliniki.

Kilichomo katika chakula na kinachoingia mwilini

Chuma cha chakula ni cha aina mbili. Aina ya kwanza hupatikana katika nyama, maini, kuku na samaki, na mwili hukifyonza kwa urahisi zaidi bila kujali sana kimeliwa pamoja na nini. Aina ya pili ndiyo iliyomo katika nafaka, mikunde, karanga na mboga za majani, pamoja na sehemu kubwa ya chuma cha yai. Ufyonzwaji wa aina hii hutegemea sana vitu vingine vilivyomo tumboni wakati huohuo.

Tofauti hii inaonekana wazi katika viwango vya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, ikiwa mwili wake unafyonza asilimia 10 ya chuma cha chakula, anahitaji kula miligramu 5.8 kwa siku. Ikiwa chakula chake ni cha nafaka tupu na ufyonzwaji ukashuka hadi asilimia 5, anahitaji miligramu 11.6. Mahitaji ya mwili ni yaleyale. Kinachobadilika ni kiasi kinachopotea njiani. Mzazi basi ana kazi mbili: kutafuta vyakula vyenye chuma, na kukisaidia chuma hicho kuingia mwilini.

Uji wa mtama, uwele na ulezi

Dodoma ni nchi ya mvua chache za msimu mmoja, na nafaka zake za asili ni zile zinazovumilia ukame: mtama, uwele na ulezi. Nafaka hizi si duni hata kidogo. Zina chuma, tena uwele unazidi mahindi. Tatizo lake ni kwamba ganda na kiini cha nafaka vina asidi ya fitiki, kemikali inayokamata chuma na kukizuia kufyonzwa. Mtama mwekundu una pia tanini, ile kemikali yenye ladha ya kukakasa, nayo hufanya kazi hiyohiyo ya kuzuia.

Wazee wetu walikuwa na dawa ya tatizo hili kabla ya maabara kulieleza. Kulowesha nafaka, kuiotesha na kuichachusha huvunja asidi hiyo ya fitiki. Togwa na uji mchachu ni mifano inayofahamika. Kimea cha ulezi ni mfano mwingine, nacho kina faida ya ziada ambayo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliitangaza katika miaka ya 1980: kijiko kidogo cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito huufanya uwe mwepesi bila kuongeza maji, hivyo mtoto akapata chakula kingi zaidi katika kikombe kilekile.

Kimea hutengenezwa hivi. Ulezi uliopembuliwa huloweshwa kwa maji safi usiku kucha, huchujwa, kisha hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 hadi 3 mpaka uchipue. Hukaushwa vizuri, husuguliwa ili machipukizi yatoke, ndipo ukasagwa. Ni salama zaidi kutumia ulezi kuliko mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana kemikali inayozalisha sumu ya sianidi. Ukungu ukionekana, kimea kitupwe. Uji uliotiwa kimea urudishwe motoni uchemke tena kabla ya kupewa mtoto.

Neno moja kuhusu unga wa lishe. Familia nyingi husaga pamoja mahindi, mtama, ulezi, karanga, soya, hata mchele, zikiamini kwamba wingi wa aina ndiyo ubora. Karanga na mahindi vilivyohifadhiwa vibaya huota kuvu inayotoa sumukuvu, na mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa sumu hiyo. Nafaka moja iliyo safi na kavu, ikaongezwa aina moja ya mikunde au karanga zilizochambuliwa na kusagwa kwa kiasi kidogo kidogo, inatosha. Mikunde na karanga huongeza protini na chuma, lakini nazo zina asidi ya fitiki. Zisichukuliwe kuwa mbadala kamili wa nyama au dagaa.

Ubuyu, ukwaju na mboga za kukausha

Msaidizi mkubwa wa chuma cha mimea ni vitamini C. Ikiwa katika mlo uleule, inaweza kuzidisha ufyonzwaji wa chuma hicho mara mbili au zaidi. Hapa uwanda wa kati umejaliwa, kwa sababu mbuyu unasimama karibu kila kijiji, na unga mweupe wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule. Kijiko cha unga huo kikoroge katika maji yaliyochemshwa na kupoa, chuja, kisha changanya katika uji uliokwisha kuipuliwa na kuwa vuguvugu. Ukichemshwa, sehemu ya vitamini hupotea. Tunazungumzia ubuyu wa asili, wala si ule uliopakwa rangi na sukari unaouzwa kwenye vifuko. Chungwa, limau, pera, embe na papai hufanya kazi hiyohiyo kila msimu wake unapofika.

Mboga za majani zinahitaji uangalifu. Mlenda, majani ya kunde, mchicha na matembele vina chuma, lakini ufyonzwaji wake ni mdogo. Mboga zilizoanikwa juani kwa ajili ya kiangazi hupoteza karibu vitamini C yake yote, na magadi yanayotiwa katika mlenda ili ulainike huiharibu pia. Hatumwambii mtu aache mlenda, ambao ni chakula chetu cha tangu zamani. Tunashauri tu kwamba sehemu ya mtoto ipikwe bila magadi inapowezekana, na iambatane na tunda au maji ya ubuyu.

Tuseme pia juu ya rangi. Watu wengi huamini kwamba kinywaji chochote chekundu huongeza damu, kwa hiyo mtoto hupewa juisi ya rozela au maji ya kiazi chekundu, na wengine huchanganya soda na nyanya za kopo. Wekundu wa kinywaji hautokani na chuma. Vinywaji hivi haviwezi kutibu upungufu wa damu, na sukari yake humshibisha mtoto kabla hajala chakula chenye faida.

Maziwa na chai

Katika jamii ya wafugaji maziwa ni heshima na ni chakula. Yana protini na kalsiamu, na mtoto aliyefikisha mwaka anaweza kuyanywa kwa faida. Lakini lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haifikishi hata miligramu 1 ya chuma, na kalsiamu iliyomo hupunguza ufyonzwaji wa chuma cha vyakula vingine. Mtoto anayekunywa maziwa kutwa hukosa nafasi tumboni ya kitu kingine. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, yasizidi nusu lita kwa siku, na yatolewe mbali kidogo na mlo mkuu. Kabla ya kutimiza mwaka, maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu, kwani yanaweza kusababisha damu kuvuja kidogo kidogo katika utumbo bila kuonekana. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Chai ni jambo jingine. Iwe ya rangi au ya maziwa, ina kemikali zinazokamata chuma cha mimea. Mtoto mdogo hana haja ya chai hata kidogo, na mama mjamzito au anayenyonyesha ainywe angalau saa moja baada ya kula.

Nyama iliyo ndani ya supu

Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye mifugo mingi nchini, lakini mtoto wa mwaka mmoja katika nyumba yenye mbuzi na kuku anaweza kupitisha juma zima bila kuonja nyama. Sababu si umaskini peke yake. Nyama hupakuliwa kwa kufuata heshima: baba na wageni kwanza, watoto mwisho, na mtoto mdogo kabisa hupewa supu kwa kuwa hana meno. Bibi anayempa mjukuu supu anampa kwa upendo, akiamini kwamba nguvu yote ya nyama imehamia humo. Ukweli ni kwamba chuma kwa sehemu kubwa hubaki ndani ya nyama yenyewe.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vya nyama iliyopikwa ikaiva, ikachambuliwa nyuzinyuzi na kupondwa kwenye kinu au kukatwakatwa mno, vinatosha kwa mlo wa mtoto. Faida yake ni mbili, kwa kuwa nyama hiyo huleta chuma chake na pia husaidia kile cha ugali na maharage kufyonzwa. Dagaa waliooshwa, kukaushwa tena na kusagwa unga hugharimu kidogo na hukaa muda mrefu. Kijiko kimoja hutiwa katika uji au mboga. Maini ya kuku au ng'ombe yana chuma kingi kuliko nyama ya kawaida, ila yana vitamini A nyingi pia, kwa hiyo mara moja au mbili kwa juma zinatosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate chakula chenye asili ya wanyama kila siku. Pale isipowezekana kila siku, kila mara inapopatikana mtoto awe wa kwanza kupakuliwa.

Tahadhari moja: karanga nzima, zabibu nzima na vipande vya nyama visivyopondwa vinaweza kumpalia mtoto. Visagwe au vikatwe vidogo.

Dawa za chuma na funzo la Pemba

Kuna wakati chakula hakitoshi. Mtoto mwenye upungufu wa damu uliothibitishwa huhitaji dawa ya chuma, kwa kawaida miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa miezi mitatu, ili kurejesha damu na kujaza akiba. Mzazi ajue kwamba choo kitakuwa cheusi, jambo lisilo na madhara, na kwamba dawa isiachwe pindi mtoto anapochangamka.

Je, kwa nini basi kila mtoto asipewe tu dawa ya chuma? Jibu lilipatikana hapahapa Tanzania. Kisiwani Pemba, katika utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 24,000 wenye umri wa miezi 1 hadi 35, watafiti waliwapa watoto chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kuwapima kwanza kama walikuwa na upungufu. Mnamo Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa, kwa sababu waliopewa chuma walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, kwa ongezeko la asilimia 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi sana Pemba. Hata hivyo, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kupata matibabu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu tangu mwanzo walinufaika na dawa ileile.

Funzo lake lilibadilisha miongozo ya dunia nzima. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa mwaka 2016 linashauri kwamba pale ambapo asilimia 40 au zaidi ya watoto wana upungufu wa damu, wenye umri wa miezi 6 hadi 23 wapewe miligramu 10 hadi 12.5 za chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo kila mwaka, na kwamba kwenye malaria utoaji huo uende pamoja na huduma za kuikinga, kuipima na kuitibu. Malaria Dodoma ni kidogo ukilinganisha na mikoa ya Kanda ya Ziwa, lakini familia husafiri. Mzazi asinunue dawa ya chuma dukani kwa kukisia. Tena vidonge vya chuma alivyopewa mama kliniki viwekwe mbali kabisa na mikono ya watoto, kwani mtoto akivimeza vingi kwa pamoja anaweza kufa.

Kwa mtoa huduma

Katika kila hudhurio, angalia viganja vya mtoto, na pima wekundu wa damu pale kipimo kinapopatikana. Kwa mujibu wa viwango vipya vya mwaka 2024, mtoto wa miezi 6 hadi 23 ana upungufu ikiwa himoglobini ni chini ya gramu 10.5 kwa desilita, na wa miezi 24 hadi 59 ikiwa ni chini ya 11. Uliza kuhusu homa na safari, uzito wa kuzaliwa, kiasi cha maziwa kwa siku, chai, na kula udongo. Fuatilia dawa za minyoo na matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi sita. Mtoto ambaye damu yake haipandi baada ya kutumia dawa ipasavyo, mwenye manjano ya macho, au aliyewahi kuvimba mikono na miguu kwa maumivu, apimwe selimundu. Viganja vyeupe kabisa, kupumua kwa shida au kulegea ni dalili za hatari. Apewe rufaa siku hiyohiyo.

Mweleze mama kwa mfano wa chakula alichonacho nyumbani, na pale inapowezekana zungumza pia na bibi na baba, kwa kuwa mara nyingi mama hana kauli ya mwisho juu ya kuku gani achinjwe na nani apewe nini.

Kwa mzazi na mlezi

Mtoto tuliyeanza naye anaweza kulishwa hivi kwa siku moja: asubuhi, uji wa uwele uliotiwa kimea na unga wa dagaa, kisha maji ya ubuyu, mchana, ugali laini na maharage yaliyoloweshwa na kupondwa, pamoja na kijiko cha nyama na kipande cha papai, alasiri, kikombe kimoja cha maziwa, jioni, wali au viazi na mboga za majani na yai, na maziwa ya mama kila anapotaka. Vyote hivi vinapatikana katika gulio la kijiji. Pamoja na dawa atakayopewa kliniki, na viganja vyake kuangaliwa tena baada ya siku 14, mama yake anapaswa kumwona akishuka mgongoni na kurudi mchezoni kabla viganja havijarudia wekundu wake.